Uhuru Ulikuja Saa Ngapi? Historia Fupi ya Saa Ndani ya Takwimu Zetu

Kila aliyepitia shule ya msingi nchini Tanzania anajua kwamba bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka huu, katika somo la uchambuzi wa takwimu, niliwaandikia wanafunzi wangu tukio hilo ubaoni kama kompyuta inavyolihifadhi: namba moja tu, hasi 254,458,800. Hizo ni sekunde zilizopita kati ya usiku ule na mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Kisha nikawaomba waitoe saa ndani ya namba hiyo, kwa kutumia lugha ya R.

Majibu yaligawanyika. Wengine walipata saa 0, yaani usiku wa manane, tarehe 9 Desemba. Wengine walipata 21, tarehe 8 Desemba. Namba ilikuwa moja na amri waliyoandika ilikuwa moja. Mwanafunzi mmoja akauliza, nusu kwa utani, "Mwalimu, kwa hiyo hii mashine inasema uhuru ulikuja tarehe nane?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Lakini swali lile halikuwa la mzaha. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini jambo linaloonekana dogo kabisa, la kutenganisha saa na tarehe katika safu ya takwimu, ni jambo lenye historia ndefu, lenye siasa ndani yake, na lenye uwezo wa kumweka muuguzi kazini wakati asiohitajika na kumwondoa wakati anapohitajika. Hoja yangu ni hii: saa haimo ndani ya namba. Saa ni tafsiri ya namba, na kila tafsiri ina mahali pake na mwenyewe.

Nianze na kisa kilichonifanya niandike.

Miaka michache iliyopita nilisimamia tasnifu ya mwanafunzi aliyechunguza saa ambazo akina mama wajawazito hufika katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Lengo lake lilikuwa jema na la wazi: kupendekeza wauguzi wapangwe zamu kulingana na wingi wa wagonjwa. Alikusanya rejista za karatasi, akaziingiza kwenye kompyuta, akaongeza kumbukumbu zilizoandikwa kwa vishikwambi, akatoa saa kutoka kila mstari na kuchora chati. Chati ilionyesha kilele kizuri kati ya saa 8 na saa 9 kwa mtindo wa saa 24, yaani saa mbili na saa tatu asubuhi kwa lugha yetu. Rasimu ya sura ya mwisho ikapendekeza muuguzi mmoja aondolewe zamu ya usiku na kuongezwa asubuhi.

Nilimshauri aipeleke chati ile kwa mkunga mkuu wa wodi kabla ya kuileta kwangu tena. Mama yule aliitazama kwa muda, kisha akamwambia, "Mwanangu, saa nane hii ni ya usiku. Saa mbili asubuhi sisi tunakabidhiana zamu na kunywa chai."

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Lakini ili kueleza tulichokikuta, sina budi kurudi nyuma kidogo.

Kompyuta haina kalenda ukutani. Inachojua ni kuhesabu, na anayehesabu lazima awe na mahali pa kuanzia. Watu walioandika programu za takwimu walichagua mianzo tofauti, na kila mwanzo una hadithi yake.

Programu ya SPSS, iliyozaliwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 14 Oktoba 1582, siku moja kabla ya kuanza kwa kalenda ya Papa Gregori wa 13. Jambo la kuchekesha ni kwamba mjini Roma tarehe hiyo haikuwahi kuwapo: waliolala tarehe 4 Oktoba mwaka ule waliamka tarehe 15. SAS, iliyoanzia North Carolina katika miaka ya 1960, huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1960. Stata nayo huanzia siku hiyo hiyo, ila huhesabu kwa elfu za sekunde. Excel huhesabu siku nzima tangu mwanzo wa mwaka 1900, na saa kwake ni sehemu ya siku: saa kumi na mbili asubuhi ni 0.25. Humo ndani imehifadhiwa tarehe 29 Februari 1900, siku nyingine ambayo haikuwapo, kosa lililorithiwa kwa makusudi kutoka programu ya Lotus 1-2-3 ili mafaili ya zamani yaendelee kusomeka.

Mfumo wa Unix, ulioundwa na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani, mwanzoni ulihesabu vipande sitini vya kila sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1971. Baadaye wakatulia kwenye sekunde kamili tangu tarehe 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ikarithi hesabu hiyo. Ndiyo maana uhuru wa Tanganyika, kwa macho ya R, ni namba hasi: ulitokea kabla ya mwanzo wa nyakati.

Sasa, ukiwa na idadi ya sekunde, kuipata saa ya siku ni hesabu ya darasa la nne. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya, acha siku nzima, chukua baki. Baki hilo ligawe kwa 3,600 upate saa. SAS ina amri ya kukata kipande hicho, iitwayo TIMEPART. R ina njia zaidi ya moja: inaihifadhi tarehe na saa kama namba moja katika aina iitwayo POSIXct, na inaweza kuipasua vipande vya sekunde, dakika, saa, siku, mwezi na mwaka katika aina iitwayo POSIXlt. Anayetaka saa huchukua kipande kiitwacho hour, au huandika format na kuomba "%H:%M".

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni sahihi kwa Greenwich peke yake. Baki unalolipata ni muda uliopita tangu usiku wa manane wa London wakati wa baridi. Ili liwe saa ya Mwanza au Mombasa, lazima mtu aiambie mashine tuko wapi. Asipoambiwa, R hutazama kompyuta inayoiendesha imepangwa kwa saa za wapi, na kufuata hizo kimyakimya. Wanafunzi wangu waliopata 21 walikuwa wakitumia seva iliyopangwa kwa saa za Greenwich; waliopata 0 walitumia kompyuta mpakato zao. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila kundi lilijibu kutoka mahali pake bila kujua kwamba limesimama mahali.

Nani basi aliamua kwamba mahali pa kuanzia ni Greenwich? Jibu liko Washington, Oktoba 1884. Wajumbe wa nchi 25 walikutana kuchagua mstari mmoja wa longitudo wa kuhesabia duniani kote. Nchi 22 ziliikubali Greenwich, moja ilipinga, na Ufaransa na Brazil hazikupiga kura upande wowote. Kutoka Afrika kusini mwa Sahara iliwakilishwa Liberia peke yake. Mjumbe wa dola ya Osmania, Rustem Effendi, aliwakumbusha wenzake kwamba kwao watu wengi huhesabu saa kuanzia machweo ya jua. Alisikilizwa, na mkutano ukaendelea. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Novemba 1884, ukafunguliwa mkutano mwingine, ule wa Berlin. Sisemi kwamba mikutano hiyo miwili ilikuwa na ajenda moja. Ninasema kwamba katika majuma machache ya mwaka mmoja, mahali petu katika ramani na mahali petu katika saa palizungumzwa katika vyumba ambamo hatukuwamo.

Kilichofuata Afrika Mashariki kinashangaza wengi. Tumezoea kudhani kwamba saa tatu mbele ya Greenwich ni jambo la maumbile. Sivyo. Kwa jua, Dar es Salaam iko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 37, na Kigoma iko nyuma ya Dar es Salaam kwa takriban dakika 38. Saa ya serikali daima ilikuwa uamuzi wa serikali. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na karibu kompyuta zote duniani inaonyesha kwamba Nairobi ilikuwa mbele kwa saa mbili na nusu kuanzia mwaka 1908, ikapelekwa saa tatu mwaka 1928, ikarudishwa saa mbili na nusu mwaka 1930, ikawekwa saa 2 na dakika 45 mwaka 1937, na kufika saa tatu tena mwaka 1942. Kwa hiyo kumbukumbu ya mvua au ya treni iliyoandikwa Nairobi "06:00" mwaka 1938 si saa ile ile na "06:00" ya mwaka 1948. Mtafiti anayeziunganisha bila kujali ameongeza robo saa ambayo haikutokea.

Hifadhidata hiyo ilianzishwa na Mmarekani Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ikaendelezwa kwa kujitolea na Paul Eggert na wengine, na tangu mwaka 2011 imehifadhiwa chini ya taasisi ya IANA. Ni kazi ya heshima, na sote tunaitegemea. Lakini soma masharti yake: inaahidi usahihi tangu mwaka 1970 tu. Maeneo ambayo saa zao zimefanana tangu mwaka huo huunganishwa kuwa moja. Ndiyo maana ukiandika Africa/Dar_es_Salaam leo, mashine nyingi hukupa tu Africa/Nairobi kwa jina jingine, pamoja na historia yote ya Nairobi ya miaka ya ukoloni. Kwa anayepanga ratiba ya ndege hakuna tatizo. Kwa mwanahistoria wa Tanganyika, jirani amejibu kwa niaba yake.

Hata ndani ya leo yetu wenyewe saa si moja. Lori linalovuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania kwenda Rwanda linarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa Rwanda na Burundi ziko mbele ya Greenwich kwa saa mbili, sawa na mashariki ya Kongo. Mtumishi wa umma anayepima muda ambao mzigo unakaa mpakani, akichukua saa ya kuingia upande mmoja na saa ya kutoka upande wa pili bila kuziweka katika ukanda mmoja, anaweza kutoa taarifa ya lori lililotoka kabla ya kuingia.

Hayo ni ya Greenwich. Sasa narudi kwenye rejista ya wodi, kwa sababu pale kulikuwa na historia nyingine, iliyo ya kwetu.

Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapozama. Hesabu hii si "kosa la saa sita" kama nilivyowahi kuisikia ikiitwa katika warsha. Karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, ni hesabu yenye mantiki kuliko ile inayoanza siku gizani watu wamelala. Lakini kompyuta haijaandaliwa kuipokea. Mkunga aliandika 8:30, akimaanisha saa nane na nusu usiku. Mwanafunzi aliingiza 8:30. R ikasoma saa mbili na nusu asubuhi, haikulalamika, wala haikutoa onyo. Na hatukuweza tu kujumlisha sita katika kila mstari, kwa sababu saa nane ya mchana na saa nane ya usiku zimeandikwa sawasawa: ya mchana ni 14, ya usiku ni 2. Isitoshe, baadhi ya watumishi vijana waliandika kwa mtindo wa saa 24.

Kulikuwa na jambo la pili. Anayeanza zamu jioni ya tarehe 14 hufungua ukurasa wa tarehe 14, na hauachi mpaka kupambazuke. Mtoto aliyezaliwa saa tisa usiku, ambaye kwa kalenda ya serikali ni wa tarehe 15, yuko katika ukurasa wa 14. Na katika hesabu ya zamani ya pwani siku mpya huanza magharibi, hata mzee akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anamaanisha ule ambao ofisini tungeuita Alhamisi usiku.

La tatu lilikuwa la vishikwambi. Hivyo vilihifadhi saa kwa Greenwich, kama ilivyo kawaida nzuri, lakini faili lilipotolewa hakuna aliyeandika hivyo popote. Mama aliyefika saa nane na nusu usiku akaonekana amefika saa tano na nusu usiku wa jana yake. Kuongeza ugumu, kwa miaka mingi R ilipoombwa kutoa tarehe kutoka POSIXct ilifuata Greenwich hata pale saa ilipoonyeshwa kwa Afrika Mashariki, hivyo kila tukio la kati ya saa sita na saa tisa usiku likarudishwa siku moja nyuma. Ndizo saa ambazo wodi yetu ilikuwa na kazi nyingi kuliko zote.

Kilichotuokoa ni safu moja ya rejista ambayo mwanafunzi alikaribia kuiacha kwa kuona haina maana: zamu. Asubuhi, jioni, usiku. Saa 8:30 pamoja na neno "usiku" si utata tena. Tuliandika kanuni: saa za mchana ongeza 6, saa za usiku ongeza 18, na ikifika 24 au zaidi, toa 24 na usogeze tarehe siku moja mbele. Mistari iliyobaki na shaka alikwenda kukaa na mkunga, ukurasa kwa ukurasa. Chati mpya ilikuwa na kilele usiku wa manane na baada yake. Pendekezo la mwisho la tasnifu likawa kinyume kabisa na la kwanza: zamu ya usiku isiguswe.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu rasimu ile ya kwanza. Ilikuwa na majedwali, ilikuwa na chati, na ilikuwa na kauli za kitaalamu. Kama ingefika mezani kwa ofisa mpangaji bila kupita kwa mama yule, ingeaminiwa, kwa sababu namba zilizotoka kwenye kompyuta huaminiwa kuliko mkunga.

Lipo fundisho moja zaidi ambalo napenda wanafunzi walichukue, nalo ni la wastani. Chukua mama wawili, mmoja aliyefika saa tano usiku na mwingine saa saba usiku. Kwa mtindo wa saa 24 hao ni 23 na 1; wastani wake ni 12, adhuhuri, wakati ambao hakuna aliyefika. Kwa saa za Kiswahili ni 5 na 7; wastani ni 6, saa sita usiku, jibu sahihi. Usishangilie haraka. Chukua wengine wawili, wa saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Kwa Kiswahili 11 na 1 vinatoa 6, upuuzi. Kwa saa 24, 17 na 19 vinatoa 18, sahihi. Saa ni duara, na kila hesabu ya saa imekata duara hilo mahali fulani. Wanatakwimu wamelijua hilo kwa muda mrefu: Richard von Mises alipendekeza mgawanyo wa namba za kwenye duara mwaka 1918, na Kanti Mardia akaandika kitabu kizima kuhusu takwimu za mielekeo mwaka 1972. Kwa anayeanza, inatosha kujua mkato uko wapi, na kuuhamishia pale ambapo takwimu zake ni chache.

Kwa hiyo ninawaomba nini wasomaji wangu? Kwa wanafunzi: msitoe saa kutoka safu yoyote kabla ya kuandika, kwa maneno, saa hiyo ni ya ukanda gani na ya hesabu gani; na mtajeni ukanda ndani ya amri yenyewe, msiiachie mashine ikisie. Kwa watumishi wa umma mnaobuni fomu na mifumo: wekeni nafasi ya kuandika asubuhi, mchana, jioni au usiku kando ya saa. Ni neno moja, na linaokoa kazi ya miezi. Kwa wanaharakati mnaodai takwimu huria: daini pia maelezo ya takwimu hizo, kwa maana saa isiyo na mahali inaweza kumtetea yeyote.

Nirudi kwa mwanafunzi aliyeuliza kama uhuru ulikuja tarehe nane. Nilimjibu kwamba kwa aliyekuwa London ilikuwa bado tarehe 8, saa tatu usiku. Mashine haikudanganya. Lakini waliosimama uwanjani Dar es Salaam, taa zikazimwa na kuwashwa tena, walikuwa katika tarehe 9, na ni wao waliokuwa na haki ya kusema ilikuwa saa ngapi.